Kugundua mapema ugonjwa wa mishipa ya damu kwa kijana aliyerithi lehemu nyingi: mwongozo kwa familia za Lindi na Mtwara

Mgonjwa wa siku ile alikuwa mama. Alikuja kliniki ya presha na sukari kuchukua dawa zake, na kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa amemsindikiza tu, amembebea mkoba na daftari la kliniki. Nilipouliza habari za ndugu, mama akasema mumewe alifariki akiwa na miaka 41, ghalani, akipanga magunia ya korosho. Alishika kifua, akaketi juu ya gunia, hakuinuka tena. Baba mdogo naye alikwenda vivyo hivyo, na 44. Akapunguza sauti: "Daktari, watu wanasema ukoo ule una mkono wa mtu."

Nikamgeukia kijana. "Mwanangu, hebu vua viatu."

Ule mshipa mnene nyuma ya kisigino, si wa damu bali ule wa kuvuta wayo ambao wataalamu huuita kano, ukiubana kati ya kidole gumba na cha shahada huwa kama kamba nyororo iliyonyooka. Wa kijana huyu ulikuwa mnene karibu kama kidole gumba changu, una vinundu vigumu visivyobonyea. Alipokunja na kunyoosha wayo, vinundu vilikwenda pamoja na kano. Havikumuuma. Alisema alidhani ni sugu za viatu vya mpira.

Siku chache baadaye majibu ya damu yalirudi: LDL, yaani lehemu (kolesteroli) mbaya, ilikuwa 7.4, juu mno. Alikuwa na miaka 17, na hakuna siku aliyowahi kuumwa kifua.

Ninayoyaandika hapa ni njia tuliyopita na kijana yule, hatua kwa hatua, ili mzazi, kaka, dada au mhudumu wa zahanati aweze kuipita na wa kwake. Hayachukui nafasi ya daktari. Yatakusaidia kufika kwa daktari ukiwa na maswali sahihi, na ukiwa umefika mapema.

Kwanza, elewa kinachorithiwa

Lehemu tunaihitaji. Mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Shida huja pale ile inayobebwa na LDL, tunayoizoea kwa jina la lehemu mbaya, inapozidi kwenye damu. Ini lina vipokezi, uviite milango, vinavyoidaka LDL na kuiondoa. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani ndio waliovumbua milango hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu aliyerithi jeni lenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja ana karibu nusu tu ya milango inayofanya kazi. LDL yake iko juu tangu siku aliyozaliwa, awe mnene au mwembamba, ale nyama au mchicha.

Duniani hali hii hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 250. Mzazi mwenye jeni hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Wanaume wasiotibiwa, karibu nusu yao hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kutimiza miaka 50. Kwa wanawake ni karibu theluthi moja kufikia miaka 60.

Hatua ya 1: Anza na ukoo, usisubiri maumivu

Mshipa wa kijana hauumi. Mafuta yanaweza kujijenga ukutani miaka 20 huku mwenyewe anacheza mpira na kupanda minazi. Ukisubiri dalili, umechelewa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata sindano, ni karatasi na kalamu.

Chora babu na bibi wa pande zote mbili, kisha baba, mama, wajomba, mashangazi, baba wakubwa na wadogo, mama wakubwa na wadogo, halafu watoto. Nasisitiza pande zote mbili. Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, kwa desturi tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Ukimuuliza kijana habari za ukoo atakutajia wa upande wa mama mpaka kizazi cha nne, upande wa baba ataishia kwa babu. Jeni hili halifuati desturi hiyo. Huweza kupita kwa baba kama linavyopita kwa mama, na nusu ya habari unayoihitaji iko kule usikozoea kuuliza. Kama kuna arobaini au hitima inayokutanisha pande zote, tumia nafasi hiyo. Kaa na wazee kwa adabu, jioni, baada ya shughuli kutulia.

Usiulize "alikuwa na lehemu?" Hakuna atakayekujibu. Uliza hivi: Alianguka ghafla? Alipooza upande mmoja? Alikuwa akilalamika kifua kinabana, au vidonda vya tumbo visivyopona? Miguu ilimuuma akitembea, ikatulia akisimama? Alikuwa na vinundu visiginoni, viwikoni, kwenye vifundo vya vidole?

Halafu umri. Wazee wengi hawana mwaka wa kuzaliwa wa uhakika, basi tumia matukio: wakati wa Uhuru mwaka 1961 alikuwa ameshazaliwa? Vita vya Kagera vilimkuta darasa la ngapi? Lengo ni kujua kama mwanamume aliugua moyo au kupata kiharusi kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60. Mmoja wa namna hiyo kati ya wazazi au ndugu wa tumbo moja anatosha kukufanya upime.

Kuhusu mkono wa mtu, simkatazi yeyote kumsikiliza mzee wake. Ninachosema ni kwamba ukoo ambao wanaume wake wanaanguka mmoja baada ya mwingine kabla ya miaka 50 ni ukoo wa kupimwa LDL wiki hii hii. Miaka mingi ya majirani kutazamana kwa shaka ingeepukika kwa mililita chache za damu, na jambo hili huniumiza kila ninapolisikia.

Hatua ya 2: Tumia macho na vidole

Kwenye mwanga wa mchana, angalia na kugusa kano za visigino, vifundo vya vidole vya mikono, viwiko na magoti. Tazama kope kama zina mabaka ya rangi ya manjano. Tazama duara jeusi la jicho kama limezungukwa na pete ya kijivu au nyeupe. Pete hiyo kwa mzee ni jambo la kawaida, hasa kwetu Waafrika, lakini kwa mtu wa chini ya miaka 45 ni ishara ya kuchukulia kwa uzito.

Vijana wengi wenye hali hii hawana alama yoyote. Vinundu vya kano kwa kawaida huanza kuonekana ukubwani, kwa hiyo kisigino safi hakimtoi mtoto kwenye orodha ya kupimwa.

Hatua ya 3: Damu

Omba kipimo kamili cha mafuta kwenye damu. Kinatoa namba nne: lehemu yote, LDL, HDL (lehemu nzuri) na trigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu). Vile vipimo vya kutoboa kidole vinavyotembezwa kwenye maonesho na kambi za afya mara nyingi hutoa lehemu yote peke yake. Ni mwanzo mzuri, havitoshi kuamua.

Ukitokea Newala, Tandahimba, Liwale au Nachingwea, piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza maabara ya hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, au Ndanda, au Nyangao, kama kipimo kamili kinafanyika siku hiyo, kwa sababu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huweza kuisha. Nauli iliyopotea ndiyo inayowakatisha watu tamaa kuliko sindano.

Huhitaji kulala njaa kwa kipimo cha kwanza. Trigliseraidi zikirudi juu sana, hapo ndipo utarudia ukiwa hujala kwa muda wa saa 12.

Jambo ambalo kwetu ni kubwa ni malaria. Homa kali, malaria, nimonia, na karibu maradhi yoyote ya ghafla huishusha LDL kwa muda. Kijana akipimwa siku anayotoka wodini anaweza kuonekana mzima. Subiri wiki 4 hadi 6 baada ya kupona. Mimba nayo hupandisha lehemu, na umri wa kubalehe huishusha kidogo, ndiyo maana kama ukoo umeshajulikana ni vizuri mtoto apimwe kabla ya kubalehe, kati ya miaka 5 na 10.

Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huihesabu. Unaweza kuhakiki mwenyewe: chukua lehemu yote, toa HDL, kisha toa trigliseraidi uliyoigawa kwa 2.2. Kijana wetu alikuwa na lehemu yote 9.1, HDL 1.2 na trigliseraidi 1.1. Ukitoa 1.2 na 0.5 unabaki na 7.4. Hesabu hii ni ya kipimo cha milimoli kwa lita (mmol/L), na haifai trigliseraidi zikizidi 4.5. Kama karatasi yako imeandikwa mg/dL, gawanya namba za lehemu kwa 38.67 upate milimoli, na trigliseraidi kwa 88.5. Nimeona familia ikilia kwa hofu kwa sababu ilisoma 180 kana kwamba ni kipimo kingine, na nyingine ikifurahia 8 kwa kuwa ni namba ndogo. Kwanza soma kizio, kama ni mmol/L au mg/dL.

Mipaka ya kushika kwa mtoto na kijana wa chini ya miaka 18: LDL ya 5 au zaidi, mara mbili tofauti, karibu hakika ni ya kurithi. LDL ya 4 au zaidi inatosha kama mzazi ana lehemu nyingi, au kama kuna aliyeugua moyo mapema katika ukoo. Ikiwa mzazi ameshathibitishwa kwa kipimo cha jeni, hata 3.5 inatosha. Kwa mtu mzima, LDL ya 4.9 na kuendelea inahitaji kufuatiliwa. Usiamue kwa kipimo kimoja, rudia baada ya wiki kadhaa.

Hatua ya 4: Ondoa visababishi vingine

Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, nyongo iliyoziba na kisukari vinaweza kupandisha lehemu. Baadhi ya dawa pia, zikiwemo aina fulani za ARV. Daktari ataagiza kipimo cha tezi, mkojo, ini, figo na sukari. Ni hatua fupi, ila usiiruke, kwa sababu tezi ikitibiwa lehemu hushuka yenyewe.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka

Mshipa huharibiwa na mambo mawili kwa pamoja, wingi wa LDL na muda ambao ukuta umeloweshwa nayo. Zidisha LDL kwa umri. Kijana wetu: 7.4 mara 17 ni karibu 126. Mtu mwenye LDL ya 2.5 huufikia mzigo huo akiwa na miaka 50. Nilipomwonyesha mama hesabu hiyo nyuma ya daftari lake, alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe mishipa ya mwanangu ni mizee kuliko mimi." Hesabu hii si kipimo rasmi cha kumpa mtu dawa. Inasaidia familia kuelewa kwa nini tunahangaika na mtoto anayeonekana mzima.

Hatua ya 6: Angalia mishipa yenyewe

Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mikono. Presha ipimwe mikono yote miwili. Shika mapigo ya kifundo cha mkono na ya kinena kwa wakati mmoja, halafu ya juu ya wayo. Yanapaswa kuja kwa nguvu pande zote. Daktari asikilize kifua na shingo kwa sauti ya mvumo. Presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.9, mishipa ya mguu imebana, ingawa kwa kijana hilo huchelewa sana kuonekana.

Kipimo kinachofaa zaidi kwa umri huu ni ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Hakina mionzi na hakina sindano. Kijana alilala chali, kichwa kimegeuzwa kidogo, akapakwa ute wa baridi shingoni. Kwenye skrini mshipa ulilala kama mfereji mweusi, na ukuta wake wa chini ulionekana kama mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, katikati yake weusi mwembamba kama uzi. Umbali kati ya mistari hiyo ndio unene unaopimwa, kwenye sentimita moja iliyonyooka kabla mshipa haujagawanyika. Vijana wazima huwa karibu na milimita 0.4 hadi 0.5. Yeye alikuwa na 0.6 pande zote mbili.

Mambo mawili ya kumwomba anayepima. Kwanza, aandike namba ya kila upande, asiandike "kawaida" peke yake, ili mwaka ujao iwepo ya kulinganisha. Pili, atafute uvimbe wa mafuta pale mshipa unapogawanyika, na kwenye kinena pia. Uvimbe ni sehemu iliyojitokeza ndani kwa nusu milimita au zaidi, au ukuta wenye unene wa milimita 1.5 au zaidi. Ukionekana kwa kijana, ugonjwa umeshaanza na matibabu yaongezwe nguvu.

Na kinyume chake ulishike vizuri: ultrasaundi nzuri haimtoi hatarini kijana mwenye LDL ya 7. Tofauti ya unene kati ya mtoto mwenye hali hii na nduguye asiye nayo ni sehemu ndogo sana ya milimita. Inaonekana wazi ukipima watoto mia, kwa mmoja inaweza kujificha. Kipimo hiki hutuambia tuharakishe kiasi gani. Hakituambii tuache.

ECG nayo huwapa watu amani isiyokuwepo. Inasoma umeme wa moyo wakati umelala kitandani. Mshipa unaweza kuwa umebana nusu nzima na karatasi ikatoka safi. Skani ya CT ya kutafuta chokaa kwenye mishipa ya moyo ina kazi yake kwa watu wazima, lakini chokaa ni kovu la zamani. Kwa mtu wa miaka 20 sifuri inamaanisha mafuta hayajapata muda wa kugeuka chokaa, na mionzi umeshaipokea. Usikimbilie Dar kwa ajili yake bila daktari wa moyo kukuelekeza.

Kwa ultrasaundi ya mishipa au daktari bingwa, ulizia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Ikibidi zaidi, rufaa ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nenda na barua ya rufaa, majibu yote ya damu, na ile karatasi ya ukoo.

Wenye jeni kutoka pande zote mbili

Ni wachache mno, lakini kwao hakuna muda wa kusubiri. Mtoto akirithi kwa baba na kwa mama, LDL huweza kupita 10, vinundu hutokea kabla ya miaka 10, hata kwenye ngozi ya matako, magoti na viwiko, na moyo huweza kushindwa kabla ya miaka 20. Kuoana kwa binamu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, huongeza uwezekano huu pale jeni lilipo katika ukoo. Mtoto wa namna hii anahitaji ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) mapema, kwa sababu mafuta hukaa kwenye vali na mzizi wa mshipa mkuu wa aota, na afuatiliwe na daktari wa moyo kila mwaka. Mkimwona, msiende kliniki ya kawaida kungoja foleni ya mwezi ujao.

Hatua ya 7: Waite wengine

Ukimpata mmoja, pima wazazi walio hai, ndugu wa tumbo moja na watoto wake. Kila mmoja ana nusu ya uwezekano. Kipimo cha jeni si lazima, LDL inatosha kuanzia. Sisi tuliwaita watoto wengine watatu wa nyumba ile. Wawili walikuwa sawa. Binti wa miaka 9 alikuwa na LDL 6.2, na kisigino laini kabisa.

Baada ya kugundua

Msingi wa matibabu ni dawa za kushusha LDL za jamii ya statini, kama atovastatini, kwa kawaida kuanzia miaka 8 hadi 10. Mama aliniuliza swali ambalo kila mzazi huliuliza: "Atameza maisha yote?" Nikamjibu ndiyo, nikamweleza habari ya Uholanzi. Huko watoto 214 wenye hali hii walianzishiwa statini na kufuatiliwa miaka 20, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kufikia umri wa miaka 39, asilimia 1 yao walikuwa wamepata tatizo la moyo au mishipa. Kwa wazazi wao wenye jeni lile lile, ambao utotoni hawakuwa na dawa hiyo, ilikuwa asilimia 26.

Wasichana waelezwe mapema kwamba wakipanga mimba wazungumze na daktari kwanza, dawa husimamishwa. Anayetumia ARV aseme. Maumivu makali ya misuli yasiyo na sababu, au mkojo wa rangi ya chai, rudi hospitali siku hiyo. Lengo kwa mtoto wa zaidi ya miaka 10 ni LDL chini ya 3.5. Kwa mtu mzima ni chini zaidi.

Chakula kinasaidia, ila peke yake hakitoshi. Punguza tui zito na mafuta ya nazi, kwa sababu karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni yale yanayopandisha LDL. Samaki wa kuchoma, kunde, mbaazi, mboga za majani na ming'oko ya kuchemsha ni chakula kizuri. Korosho zetu mafuta yake mengi ni ya aina nzuri, kula kiganja kimoja bila chumvi. Sigara ni marufuku kabisa. Na tafadhali, mama asilaumiwe kwa mapishi yake. Namba hii haikutoka jikoni.

Dalili zisizolala nyumbani

Kifua kubana au kuungua ukipanda mlima, ukikimbia au ukibeba mzigo, maumivu yakielekea taya au mkono wa kushoto, pumzi kukata, kuzimia, au upande kulegea: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kijana mwenye maumivu ya kifua hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, kwa sababu hakuna anayeutarajia moyo kwa mtu wa miaka 22. Kwa hiyo kijana wetu tulimwandikia kwenye jalada la ndani la daftari maneno ya kumwambia yeyote atakayempokea, mchana au usiku wa manane: "Nina lehemu ya kurithi. Baba yangu alifariki kwa moyo akiwa na miaka 41. Kifua kinanibana. Naomba nipimwe moyo kwanza."